Mwalimu Wa Chuo Wakati Wa Maradhi Ya Kuenea: Ipi Haki Yake, Na Upi Msaada Wake?



AlhamduliLlaah, Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Maswahaba zake. Ama ba'ad:

Ndugu zetu katika iymaan, tokea ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020 hadi leo tunaletewa maswali ambayo kwa nje yanatofautiana lakini mzizi wake ni mmoja. Mzazi anauliza: chuo kilifungwa kwa miezi na mimi sikulipa ada, jee nina deni kwa mwalimu? Mwenye duka anauliza: Ustadh wa mtaani kwetu alikopa unga na mafuta wakati ule na hadi leo hajaweza kulipa, jee nikimsamehe naweza kulihesabu deni hilo kuwa ni Zakaah yangu? Na kamati ya madrasa moja inauliza: tulikuwa na walimu wanne, wawili wameacha kufundisha na sasa wanauza samaki, jee tukusanye Zakaah tuwalipe mishahara ili warudi?

Tumeona badala ya kulijibu kila swali peke yake, tuyaeleze mambo haya pamoja, kwani anayejua hukumu ya moja akawa hajui ya jengine anaweza kumdhulumu mwalimu huku akidhani amemsaidia.

Yaliyowakuta walimu

Mgonjwa wa mwanzo Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na wiki hiyo hiyo Zanzibar nayo ikatangaza wa kwake. Skuli zikafungwa, vyuo vikuu vikafungwa, na vyuo vya Qur-aan na madrasa zikafunga milango. Ramadhaan ya mwaka 1441 ikaingia mwishoni mwa Aprili na watoto wako majumbani.

Kufunga kwenyewe hatukuja kukujadili hapa. Hadiyth ya kutoingia katika ardhi yenye tauni wala kutoka humo kwa kuikimbia ni mashuhuri, imo katika Al-Bukhaariy na Muslim, na kwa hadiyth hiyo 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu) alithibitisha uamuzi wake wa kurudi kutoka Sargh asiingie Shaam. Linalotuhusu zaidi ni kuwa miongoni mwa waliofariki kwa tauni hiyo ya 'Amwaas, mwaka wa 18 wa Hijrah kwa kauli mashuhuri, alikuwemo Mu'aadh bin Jabal (Radhwiya Allaahu 'anhu). Naye alikuwa ni mwalimu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alimtuma Yemen kufundisha, na imepokewa kuwa 'Umar alimpeleka Shaam pamoja na 'Ubaadah bin As-Swaamit na Abu Ad-Dardaa kwenda kuwafundisha watu Qur-aan baada ya liwali wa huko kuomba walimu. Basi mwalimu kufikwa na maradhi ya kuenea akiwa kazini si jambo geni katika Ummah huu.

Turudi kwetu. Skuli zilipofungwa, walimu waligawika mafungu matatu, ingawa wote tunawaita walimu. Mwalimu wa skuli ya serikali alikaa nyumbani na mshahara wake ukaingia benki kama kawaida. Mwalimu wa skuli ya binafsi alitegemea ada za wazazi, na ada zilipokatika wengi wao walipunguziwa mshahara au hawakulipwa kabisa. Kwa ndugu zetu wa Kenya hali hii ilikuwa ndefu zaidi, kwani skuli zao zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2021. Uganda ndio zaidi, kwani ufunguzi kamili ulikuja Januari 2022, na walimu wengi wa skuli za binafsi huko waliingia katika ufundi wa ujenzi, bodaboda na biashara ndogo ndogo, na baadhi yao hawakurudi tena darasani.

Fungu la tatu ni mwalimu wa chuo. Shirika la UNESCO lilihesabu walimu wapatao milioni 63 wa msingi na sekondari duniani walioathirika na kufungwa kwa skuli. Katika hesabu hiyo mwalimu wa chuo chetu hayumo, wala hakuwemo katika orodha yoyote ya waliotakiwa kusaidiwa, kwa sababu hana mkataba, hana hati ya mshahara, hana namba ya mwajiri. Chuo chenyewe mara nyingi ni baraza ya nyumba yake au banda pembezoni mwa msikiti.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chuo kina watoto 60, na ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wote wakilipa, ni shilingi 120,000, na walimu ni wawili. Kila anayefundisha anajua kuwa wote hawalipi, na wanaolipa hawalipi kwa wakati. Sasa uje mwezi asilipe hata mmoja. Mwalimu aliyetimiza miaka 70 alibaki na Pensheni Jamii ambayo serikali ya Zanzibar iliianzisha Aprili 2016, na wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Asiyefika umri huo hakuwa na hata hiyo.

Na wazazi nao wasilaumiwe wote kwa pamoja. Mwaka 2019 Zanzibar iliingia wageni zaidi ya 538,000, na mwaka 2020 wakashuka hadi karibu 260,000. Mpishi wa hoteli, dereva wa teksi, muuza vinyago, mfua mashuka, wote hao ni wazazi wa watoto wa chuo. Hoteli ilipofungwa Nungwi au Paje, riziki ya mwalimu wa kijiji ilifungwa nayo bila ya yeye kuwahi kuingia katika hoteli hiyo hata siku moja.

Jee, mwalimu wa Qur-aan ana haki ya ujira?

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Wapo katika watu wetu wanaoamini kuwa kumlipa mwalimu wa chuo ni ihsani, ukipata unampa na ukikosa hana la kudai, kwa kuwa yeye "anafanya kwa ajili ya Allaah". Maneno hayo husemwa kwa heshima kubwa, na matokeo yake ni kumwacha mtu na njaa.

Wanazuoni walikhitilafiana zamani. Waliokataza ujira, nao ni Mahanafi wa mwanzo na walioafikiana nao, walishika hadiyth ya 'Ubaadah bin As-Swaamit (Radhwiya Allaahu 'anhu) iliyopokewa na Abu Daawuud, aliyepewa upinde na mtu aliyemfundisha katika watu wa Swuffah, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akamkhofisha nao. Isnaad yake imezungumzwa, na wanaoikubali wengi wao wanasema ni kuwa 'Ubaadah alianza kwa nia ya thawabu tupu, kwa hiyo hakutakiwa kugeuza nia hiyo baadae kuwa malipo.

Walioruhusu, nao ni Maalik, Ash-Shaafi'iy na wengineo, wana hadiyth ya Ibn 'Abbaas katika Al-Bukhaariy juu ya Maswahaba waliomsomea ruqyah aliyeumwa na mdudu wakapewa kondoo, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akabainisha kuwa Kitabu cha Allaah ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Wanayo pia hadiyth ya Sahl bin Sa'd ya yule aliyeozeshwa kwa aliyohifadhi katika Qur-aan, na mahari hayawi ila kitu chenye thamani. Na katika Musnad ya Imaam Ahmad imo habari ya mateka wa Badr waliokosa fidia, ikafanywa fidia yao ni kuwafundisha kuandika watoto wa Answaar. Ikiwa kufundisha kuandika kulitosha kumkomboa mateka wa vita, vipi isemwe kuwa kazi hiyo haina bei?

Kisha Mahanafi wa baadae, wakianzia na mashekhe wa Balkh, wakaruhusu ujira wa kufundisha Qur-aan kinyume na kauli ya wa mwanzo wao. Sababu waliyoitaja inafaa tuisome mara mbili: watu wa mwanzo walikuwa wakipata posho kutoka Baytul-Maal, na posho hizo zilipokatika, walimu wakawa hawana budi ima wachumie familia zao ima wafundishe, na ikaogopewa Qur-aan isipotee. Imepokewa pia kuwa Madiynah kulikuwa na walimu watatu wa watoto, na 'Umar akimpa kila mmoja kumi na tano kila mwezi. Isnaad yake imekatika, lakini wanazuoni wameitaja na kuijengea juu yake. Na Ibn Sahnuun wa Qayrawaan, aliyefariki mwaka 256 Hijriyyah, aliandika kitabu kizima juu ya walimu wa watoto, na ndani yake anazungumzia ujira wao na malipo ya khitmah kama anavyozungumzwa mfanyakazi yeyote mwenye haki. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mas-ala haya yalikuwa yanahukumiwa na makadhi, na sisi leo tunayaendesha kwa kuoneana haya.

Basi akishakubaliana mwalimu na mzazi juu ya ada, ada hiyo ni ujira, na ujira usiolipwa ni deni. Anayezuia ujira wa aliyemfanyisha kazi akaikamilisha ni miongoni mwa watatu ambao Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Amesema kuwa Yeye ndiye hasimu wao Siku ya Qiyaamah, kama ilivyo katika hadiyth Al-Qudsiyy iliyopokewa na Al-Bukhaariy. Haikubaguliwa ndani yake kazi ya kuchimba kisima na kazi ya kumfundisha mtoto wako Suwratul-Faatihah.

Cha kushangaza, heshima kwa jina tunayo tele. Marehemu Seif Sharif Hamad, aliyefariki Februari 2021 baada ya chama chake kutangaza kuwa ameambukizwa korona, alifika hadi kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na watu hawakuacha kumwita Maalim, kwa sababu aliwahi kusomesha skuli. Jina la ualimu halimvuki mtu kwetu. Ada ndiyo inayotuvuka.

Ada ya miezi chuo kilipofungwa

Sasa tumjibu mzazi. Ujira unafuata manfaa. Siku ambazo mtoto alisomeshwa kabla ya kufungwa, ada yake ni deni hadi leo, hata kama ni nusu mwezi, na korona haikuifuta. Miezi ambayo chuo kilifungwa na hapakuwa na masomo ya namna yoyote, na makubaliano yalikuwa ni ada ya kila mwezi unaosomeshwa, basi haikuwa wajibu, na mwalimu asidai. Mwezi ambao mwalimu aliendelea kusomesha kwa simu kwa makubaliano na wazazi, ada yake ni wajibu kwa kadiri walivyokubaliana. Na ikiwa hawakukubaliana bei lakini mzazi alijua mtoto wake anasomeshwa, akawa anampa simu asome, na mwalimu ni mtu anayejulikana kuwa anasomesha kwa malipo, basi kwa uchache amlipe ujira wa mfano wake. Na aliyekuwa hana kitu kweli kweli atapewa muda hadi apate, kama ilivyokuja katika Suwratul-Baqarah aya ya 280.

Kwa upande wa pili, waliolipa ada ya mwaka mzima mapema, hasa madrasa za bweni, wanayo haki ya kurejeshewa sehemu ya miezi ambayo hapakusomeshwa au kuhesabiwa mwaka uliofuata. Katika Muslim imo hadiyth ya Jaabir (Radhwiya Allaahu 'anhu) juu ya matunda yaliyouzwa kisha yakapigwa na janga, na katazo la muuzaji kuchukua mali ya ndugu yake bila ya haki, na wapo waliolipima janga la ijara kwa janga la matunda, kama Ibn Taymiyyah. Mzazi akisamehe kwa ridhaa yake, hiyo ni sadaka na ana ujira wake. Kamati kunyamaza kimya ikitarajia wazazi wasahau, hilo halifai.

Ama mwalimu aliyeajiriwa na taasisi kwa mshahara maalum wa mwezi, mas-ala yake ni mazito zaidi. Kanuni katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy ni kuwa aliyeajiriwa kwa muda, akajisalimisha kwa kazi na asijizuie, hapotezi ujira wake kwa sababu tu mwajiri hakumtumia. Lakini aliyezuia hapa si mwajiri wala mwajiriwa, ni amri ya nchi kwa ajili ya maradhi, ndiyo maana ikaingia khitilafu. Linalotudhihirikia kuwa karibu na uadilifu ni sulhu: taasisi ifungue daftari lake mbele ya walimu, ioneshe kilichomo, na wakubaliane fungu, nusu au robo, hadi hali itengemae. Kumpelekea mwalimu wa miaka kumi ujumbe mmoja wa simu kuwa asije tena, hilo hata kama lingepata mlango katika sheria basi katika murua halina.

Zakaah: panapokosewa sana

Mwalimu wa chuo aliyekosa mahitaji yake anastahiki Zakaah, na si aibu kwake kuipokea. Katika madhehebu ya Shaafi'iy fakiri ni yule ambaye hana mali wala chumo linalofika mahali pa kumtosheleza, kama anayehitaji kumi akawa anapata mbili au tatu. Maskini ni anayepata sehemu kubwa ya anayohitaji bila ya kutosheka, kama saba au nane katika kumi. Kuwa na nyumba anayokaa hakumtoi katika ufakiri, wala nguo zake, wala vitabu anavyovihitaji. Bali Imaam An-Nawawiy katika Al-Minhaaj ametaja kuwa mwenye kuweza kuchuma, ikiwa ameshughulika na elimu na uchumi utamzuia nayo, huyo ni fakiri. Kwa hiyo anayesema "Ustadh bado ana nguvu, kwa nini asiende baharini akapewa Zakaah?" ajibiwe kuwa akienda baharini watoto wako nani atawasomesha?

Shida ni kuwa walimu hawa hawaombi. Suwratul-Baqarah aya ya 273 inawazungumzia mafakiri waliozuilika katika njia ya Allaah, wasioweza kwenda huku na kule kutafuta, na asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa vile wanavyojihifadhi na kuomba. Mwalimu wetu anavaa kanzu safi na kofia ya kiua, anatolewa mbele katika maulidi na mazishi, na hakuna anayejua kuwa jana nyumbani kwake hapakupikwa. Wakati wa korona vyakula viligawiwa katika shehia mbali mbali, na waliopanga foleni walipata. Mwalimu asingepanga foleni pamoja na wanafunzi wake. Tunasema bila ya kuzunguka: apelekewe nyumbani kwake, usiku, na asiyekuwa jirani asijue. Wala si lazima aambiwe kuwa hii ni Zakaah, ikiwa mtoaji ana hakika kuwa ni mstahiki na yeye ametia nia.

Sasa yale matatu yanayokosewa.

La kwanza, mzazi kumpa mwalimu Zakaah kisha akaihesabu kuwa ndiyo ada. Haijuzu. Ada ni deni lako, na Zakaah ni haki ya fakiri iliyomo katika mali yako. Ukilipa hiyo kwa hii umejilipia deni lako kwa mali ya mafakiri. Mpe ada yake yote, kisha ukiona bado ni muhitaji mpe na Zakaah.

La pili, kamati kukusanya Zakaah na kulipa mishahara. Mshahara ni badala ya kazi, na Zakaah haitolewi badala ya kitu. Mwalimu aliyetosheka hana fungu humo hata akisomesha usiku na mchana, na fakiri ana haki yake hata akiwa mgonjwa kitandani hasomeshi. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la Fiy SabiyliLlaah hadi likaingia da'wah na elimu, lakini kauli ya walio wengi katika madhehebu manne haiko hivyo, na sisi tunaona kamati ibaki katika lililo salama. Kwa hiyo jawabu kwa ndugu zetu wa kamati: wale walimu wawili wanaouza samaki, ikiwa ni mafakiri, wapewe Zakaah leo bila ya sharti la kurudi kusomesha. Mishahara ya kuwarudisha itafutwe katika ada, sadaka na waqfu.

La tatu ni la mwenye duka, na kwa hakika tumelipenda swali lake kwani amejali akauliza. Kumsamehe Ustadh deni na kulihesabu kuwa ni Zakaah hakutoshelezi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu, kama alivyoeleza An-Nawawiy katika Al-Majmuu', kwa sababu Zakaah ni kumilikisha na huyu hakumkabidhi kitu. Afanye hivi: ampe Ustadh Zakaah mkononi, bila ya sharti. Ikishakuwa ni mali yake, Ustadh akitaka kulipa deni la duka alipe, na akitaka kununulia dawa anunue. Wakishurutishiana kuwa "nakupa ili unirudishie", Zakaah haikusihi. Wakinuilia hivyo kila mmoja moyoni bila ya kutamka sharti, imesihi. Na akitaka kusamehe deni hilo kama sadaka tu, mlango uko wazi na kheri yake ni kubwa, ila hiyo haimuondolei Zakaah iliyo juu ya mali yake.

Mahitaji yasiyokuwa fedha mkononi

Kusomesha kwa simu watu wengi walikuona ni jambo jepesi. Qur-aan inapokewa kwa midomo. Mtoto anayechanganya Qaaf na Kaaf, au Haa na Khaa, mwalimu humwangalia mdomo na koo. Sauti inayokatika katika mtandao haioneshi makhraj. Walimu wengi wakaamua watoto wajirekodi na kupeleka sauti. Piga hesabu: watoto 40, kila mmoja dakika tatu, ni saa mbili za kusikiliza tu, bado hajajibu, na simu yenyewe ni moja, ya mama mtu, na baba anaitaka. Bando la simu alilinunua nani? Mwalimu. Ikitokea tena, kamati inunue simu moja ya chuo na ilipie bando, hilo ni gharama ya chuo kama jamvi na mbao. Simu hiyo itawastiri pia walimu wanawake, wasilazimike kugawa namba zao binafsi kwa kina baba wa watoto wasiowajua.

Kisha ikaja siku ya kufungua. Mtoto aliyeondoka na juzuu tano alirudi na mbili. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufahamisha katika hadiyth waliyoafikiana Al-Bukhaariy na Muslim kuwa Qur-aan huponyoka haraka kuliko ngamia katika kamba zake. Mwalimu akaanza upya, kwa ada ile ile, na wazazi wakilalamika kuwa mtoto "amerudishwa nyuma". Mzazi ajue kuwa miezi ya mwanzo baada ya kufungua ni kazi mara mbili, na asimlaumu mwalimu kwa alichokisahau mtoto akiwa chini ya paa lake.

Afya nayo haikusimamiwa. Skuli zilitakiwa ziwe na ndoo za maji yanayotiririka na sabuni. Chuo chenye watoto 60 barazani, ndoo na sabuni zilitoka wapi? Walimu wetu wengi ni watu wazima, wanakaa na watoto goti kwa goti, wengine wana sukari na shindikizo la damu. Na mwalimu anayelipwa kwa siku anazohudhuria atakuja hata akiwa na homa, akhatarishe watoto, ilhali katika Al-Bukhaariy na Muslim tumekatazwa kumpeleka mwenye maradhi kwa wazima. Ukitaka mwalimu mgonjwa abaki nyumbani, mlipe siku za ugonjwa.

Kujitayarisha kabla ya maradhi mengine

Babu zetu walitangulia katika hili. 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipopata ardhi ya Khaybar alielekezwa na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) azuie shina na atoe sadaka mazao, na kwa mfano huo Unguja na Pemba zikajaa nyumba na mashamba ya waqfu, ambayo leo yanasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Waqfu nyingi tunazozijua zimewekwa kwa ajili ya misikiti. Tunawaomba wenye uwezo, na walioko Oman, Uingereza na Canada wanaotutumia fedha za futari kila Ramadhaan, wafikirie kumuwekea waqfu mwalimu: fremu moja ya duka, minazi ishirini, au kishamba cha mikarafuu, kwa sharti lililoandikwa kuwa mapato ni ya walimu wa chuo fulani. Na wasitegemee nyumba za kukodisha wageni Mji Mkongwe, kwani mwaka 2020 zilikuwa tupu wakati ule ule ambao mwalimu alihitaji. Duka la vyakula lilikuwa wazi.

Na kamati iandike. Karatasi moja inatosha: jina la mwalimu, siku na saa zake, ujira wake, atalipwaje akiumwa, atalipwaje chuo kikifungwa kwa amri ya serikali, na nani anashika daftari. Wasaini mashahidi wawili, nakala moja abaki nayo mwalimu. Katika ada ya kila mtoto itengwe sehemu, hata shilingi 200, iwe ni akiba ya dharura, na wazazi waarifiwe tokea mwanzo kuwa imo. ZSSF ina mpango wa hiari kwa wasiokuwa na ajira rasmi. Kamati iuangalie, na kabla ya kumuingiza mwalimu iulize fedha zinawekezwa vipi ili ajiepushe na riba.

Kwa ile kamati iliyotuandikia, wakishaandika rasimu ya makubaliano yao na walimu wawili waliobaki, watuletee tuipitie kabla hawajasaini, in shaa Allaah.

Wa Allaahu A'lam.